KABLA YA KUMWITA FUNDI, FUATA NJIA YA UMEME



Mshahara huingia nyumbani kwa mlango mmoja na kutoka kwa milango mingi. Chakula, karo ya watoto, kodi, dawa, michango ya msiba: hiyo tunaijua na tunaipangia. Lakini upo mlango mmoja ambao wengi wetu hatuulindi. Siku pasi inapokataa kupata moto, au friji inaponyamaza, au redio inapofunga mdomo, tunakibeba chombo hadi mjini, tunalipa tulichoambiwa, na tunarudi nacho bila kujua kilikuwa kinaumwa nini.

Mwanachama mmoja wa shamba la miwa, upande wa Busoga, alikodi gari dogo kupeleka friji yake kwa fundi. Alilipa gari la kwenda, akalipa fundi, akalipa gari la kurudi. Jumla yake ilimeza mshahara wa wiki nzima. Baadaye alimwuliza fundi amwonyeshe kilichobadilishwa, akaonyeshwa fyuzi ya plagi: kidude cha urefu wa inchi moja ambacho duka lolote la vifaa vya umeme huuza kwa bei ndogo kabisa. Hatusemi kwamba fundi alimwibia. Aliletewa friji iliyokufa, akairudisha ikiwa hai. Tunasema kwamba kazi ile mwenyewe angeiweza kwa dakika tano.

Kwa hiyo katika toleo hili tumeandika mambo ambayo kila mwanachama, mume kwa mke, anaweza kuyakagua kwa mikono yake kabla ya kutoa hata shilingi moja. Haja yetu ni kwamba kila mmoja ajue mpaka wa kazi yake na mpaka wa kazi ya fundi.

UMEME UNA NJIA

Wengi wetu tunaishi karibu na chemchemi ya umeme. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vingi vya mji ule vilijengwa kuufuata umeme wake. Kule Kakira makapi ya miwa huchomwa kuzalisha umeme, na ziada yake huingia kwenye gridi ya taifa. Jasho la wafanyakazi limo ndani ya umeme huo. Haifai tuuogope kama uchawi ukishafika chumbani kwetu.

Umeme huja kama maji ya bomba. Hutoka kwenye nguzo, hupita kwenye mita, huingia sanduku la swichi, hushuka ukutani hadi kwenye soketi, hupanda kwenye plagi, hupita ndani ya fyuzi, husafiri kwenye waya, ndipo hufika kwenye chombo. Maji yakikatika jikoni huanzi kwa kulivunja bomba. Kwanza unatazama kama koki kuu iko wazi. Hali kadhalika umeme: anza mwanzo wa njia, uje hatua kwa hatua, na chombo chenyewe kiwe cha mwisho kushukiwa.

KWANZA USALAMA

Umeme wa nyumbani kwetu una nguvu ya volti 240. Unaua. Kwa hiyo shikeni kanuni hizi kabla ya nyingine yoyote:

Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona kwa macho, ndipo ushike bisibisi. Mikono iwe mikavu, na miguu ivae viatu. Watoto wakae mbali. Chombo kilichokupiga umeme, hata kidogo, kisitumiwe tena mpaka kikaguliwe na fundi. Usiseme, "Kinachachaga kidogo tu." Leo umekishika ukiwa umesimama kwenye mkeka, kesho mwanao atakishika akiwa na miguu iliyolowa.

HATUA YA 1: MITA NA SANDUKU LA SWICHI

Tazama nje. Ikiwa majirani nao wako gizani, ubovu uko kwenye laini, na laini si mali yako. Hapa Uganda kampuni ya Umeme ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi 2025, na usambazaji ukarudi kwa UEDCL, ambalo ni shirika la serikali. Taarifa ya laini mbovu ipelekwe huko. Usimlipe mtu wa mtaani apande nguzo.

Kama giza ni lako peke yako, soma mita yako. Huenda yuniti zimekwisha. Kama yuniti zipo, tazama sanduku la swichi. Swichi ikiwa imeanguka, chomoa vyombo vyote nyumbani, kisha iinue. Ikianguka tena wakati hakuna chombo hata kimoja, ubovu uko kwenye nyaya za nyumba. Hapo mwite fundi mwenye kibali. Ikisimama, chomeka chombo kimoja, halafu cha pili, halafu cha tatu. Kile kitakachoiangusha ndicho mgonjwa wako.

Wanaoishi kwenye nyumba za kampuni wasilipe matengenezo ya nyaya za ukutani kabla ya kumwuliza mwakilishi wa chama mkataba wa pamoja unasema nini juu ya nyumba. Usitoe mfukoni mwako fedha ambazo mkataba umemtwika mwajiri.

HATUA YA 2: SOKETI

Chukua taa au redio ambayo una hakika ni nzima, uichomeke kwenye soketi ile ile. Isipofanya kazi, chombo chako hakina kosa. Soketi ndiyo mbovu. Ikifanya kazi, sogea hatua ya tatu. Jaribio hili halina gharama yoyote, nalo limewaokoa wengi safari ya mjini.

Tazama pia uso wa soketi. Ikiwa imekuwa nyeusi, inanuka plastiki iliyoungua, au plagi inacheza ndani yake, acha kuitumia. Mshiko uliolegea huleta joto, na joto huleta moto.

HATUA YA 3: PLAGI NA FYUZI

Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Plagi nyingine hufunguliwa kwa skrubu ya katikati. Nyingine zimefungwa moja kwa moja kiwandani, lakini fyuzi iko kwenye kidroo kidogo kati ya miguu. Kiinue kwa ncha ya bisibisi.

Ukiifungua plagi, miguu ikiangalia meza, utaona mahali pa nyaya tatu. Wa kahawia ni waya wa moto, nao hufungwa kulia, upande wa fyuzi. Wa buluu hufungwa kushoto. Wenye mistari ya kijani na njano ni waya wa ardhi, nao hufungwa juu, kwenye mguu mrefu. Vyombo vya zamani sana vilikuwa na nyekundu kwa moto, nyeusi mahali pa buluu, na kijani kwa ardhi. Mara nyingi utakuta skrubu moja imelegea na waya umetoka. Ukaze, funga plagi, na chombo kitaamka.

Kama nyaya ni salama, badilisha fyuzi. Na hapa ndugu zetu tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo nyumba zinapoungua. Fyuzi ni mlinzi. Umeme unapozidi kiasi, yeye hukatika ili waya usiwake. Mtu anayetia msumari, kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Kwenye laini za wafanyakazi nyumba zimeshikana paa kwa paa. Msumari wa nyumba moja ni moto wa nyumba kumi.

Fyuzi gani itumike? Nyuma au chini ya kila chombo pameandikwa idadi ya wati. Gawanya wati hizo kwa 240, utapata ampea. Redio ya wati 60 hutumia robo ya ampea. Pasi ya wati 1,200 hutumia ampea 5. Birika la wati 2,000 hutumia ampea 8 na zaidi. Kwa vyombo vidogo visivyozidi wati 700, kama taa, redio na televisheni, tumia fyuzi ya ampea 3. Kwa pasi, birika na jiko, tumia ya ampea 13. Friji ina mota, na mota huvuta umeme mwingi wakati wa kuanza, kwa hiyo nayo hupewa ya ampea 13 hata kama wati zake ni chache.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini waya wa nyongeza huungua. Pasi na birika tulizozitaja, zikichomekwa pamoja kwenye waya mmoja wa nyongeza, ni wati 3,200, yaani ampea 13 na kitu. Mzigo umepita kiasi. Piga pasi kwanza, chai baadaye.

Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, usitie ya tatu. Imekwambia kwamba ndani ya chombo mna hitilafu, na sasa ni zamu ya fundi.

Juu ya plagi za miguu miwili, zile zinazokuja na vyombo vya mitumba na kusukumwa kwenye soketi kwa msaada wa kijiti: hazina fyuzi, na waya wa ardhi, kama upo, haupati pa kushika. Nunua plagi ya miguu mitatu au adapta yenye fyuzi.

HATUA YA 4: WAYA WA CHOMBO

Chomoa plagi. Pitisha vidole juu ya waya wote taratibu, kuanzia plagi hadi chombo. Tafuta mahali palipolainika, palipojikunja, palipoliwa na panya au kuungua. Waya wa pasi hukatika zaidi pale unapoingilia kwenye pasi, kwa kuwa hapo ndipo unapopindwa kila siku. Ukipaona, mwambie fundi, "Nibadilishie waya wa pasi." Ni kazi ndogo yenye bei ndogo. Ukimwambia, "Pasi yangu imekufa," umempa ruhusa ya kutafuta, na kutafuta kuna bei yake. Usiunge waya uliokatika kwa kuusokota na kuufunga nailoni.

KIPIMA CHA BETRI MBILI

Chombo cha kupimia si lazima kinunuliwe. Chukua betri mbili za tochi zilizopangwa mstari mmoja, balbu ndogo ya tochi ya zamani yenye uzi ndani, na nyaya mbili fupi. Unganisha betri na balbu kwenye waya mmoja, na ncha ya pili ya betri kwenye waya wa pili. Ncha mbili zilizobaki zikigusana, balbu huwaka. Hicho ni kipima.

Gusa ncha hizo kwenye miisho miwili ya fyuzi iliyotolewa kwenye plagi. Balbu ikiwaka, fyuzi ni nzima. Isipowaka, imekatika. Waya unaochomoka pande zote mbili, kama wa redio nyingi, upime mguu wa plagi kwa tundu lake upande wa pili, huku mwenzako akiupindapinda. Balbu ikikonyeza, waya umekatika ndani. Kipima hiki kisiguswe kamwe kwenye soketi wala kwenye kitu kilichochomekwa. Tena kisitumiwe kupima koili ya pasi: koili hiyo huzuia umeme mdogo wa betri, balbu isiwake, nawe ukadhani koili imekufa kumbe ni nzima.

VYOMBO VYENYEWE

Birika. Likiwashwa bila maji hujizima lenyewe ili lisiungue. Liache lipoe, tia maji, jaribu tena. Kama linachelewa kuchemka, tazama chini yake: magamba meupe ya chokaa yanazuia joto. Chemsha maji yenye ndimu au siki, liache lilale nayo, kisha lisuuze.

Jiko la koili. Koili iliyokatika huonekana kwa macho. Wengine huzisokota ncha mbili na kuendelea kupika. Pale paliposokotwa hupata joto kuliko pengine na kukatika tena baada ya siku chache, na koili iliyoning'inia inaweza kugusa chuma cha jiko. Koili mpya ni rahisi kuliko mkasa huo.

Redio na rimoti. Fungua nyumba ya betri. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye vyuma, betri zimevuja. Sugua vyuma kwa kitambaa chenye siki kidogo, vikauke, tia betri mpya. Rimoti ielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ya mbele, na ubonyeze. Kwenye simu nyingi utaona nukta ya mwanga. Ukiiona, rimoti ni nzima.

Friji. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Fungua mlango. Taa ya ndani ikiwaka, umeme unafika. Tazama kitufe cha baridi: huenda mtoto amekirudisha kwenye sifuri. Kama umeme umerudi sasa hivi, ngoja dakika tano au zaidi. Mota ya friji haiwezi kuanza mpaka gesi iliyosukumwa itulie, na kinga ya friji, kama unayo, huichelewesha makusudi. Jioni, kila mtu anapopika, nguvu ya umeme inaweza kushuka hata mota ikanguruma na kuzima. Hapo izime mpaka umeme utengemae, kwa maana mota inayojaribu na kushindwa mara nyingi huungua.

Kama mota inafanya kazi lakini baridi ni hafifu, isogeze friji ukuta uwe mbali kiasi cha kiganja, na uondoe vumbi kwenye mabomba ya nyuma. Joto la chakula hutokea huko. Likikosa pa kutokea, baridi haiji. Kisha funga mlango juu ya karatasi. Karatasi ikichomoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka au umechafuka; uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji yakijaa chini ndani, tundu la kutolea maji limeziba. Barafu ikiwa nene, zima friji na uiache iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu! Kisu kikitoboa ukuta wa barafu, gesi yote hutoka, na hapo gharama ni kubwa. Friji iliyosafirishwa ikiwa imelazwa, isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi kwenye mota.

Na sasa neno kubwa. Ukiambiwa, "Gesi imekwisha, tujaze," uliza, "Imetokea wapi?" Gesi ya friji hailiki kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na friji nzima huishi miaka mingi kwa gesi ile ile ya kiwandani. Ikipungua, pana tundu. Kujaza bila kuziba tundu ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka: mwezi ujao utalipa tena. Tena friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha friji. Kazi hiyo ni ya fundi wa friji, mahali penye hewa, si ya jikoni wala ya jirani.

MPAKA WA MIKONO YETU

Ukimaliza hatua hizi na chombo bado kimelala, simama. Usifungue mwili wa televisheni wala jiko la maikrowevu. Ndani yake mna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na vimeua watu waliodhani wako salama. Usifungue mota ya friji wala usiguse mabomba yake.

UKIFIKA KWA FUNDI

Fundi naye ni mfanyakazi mwenzetu. Anaishi kwa ujuzi wake, na jasho lake lina haki ya kulipwa. Mwambie uliyokwisha kukagua: "Soketi ni nzima, fyuzi nimebadilisha, waya hauna kasoro." Fundi mwema atafurahi, maana umempunguzia kazi. Kisha mwulize haya: Utatoza kiasi gani kukagua tu? Utaniambia bei kabla ya kutengeneza? Nitapewa kifaa kibovu mkononi? Kikiharibika tena baada ya wiki, itakuwaje? Mwombe akijaribu chombo mbele yako, na uandike bei na tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari.

TUNAYOYAOMBA MATAWI

Kila tawi litengeneze kipima kimoja, na liwe na bisibisi mbili, taa moja ya kujaribia soketi, na akiba ya fyuzi za ampea 3 na 13, vikae kwa mwakilishi. Katika viwanda vyetu wamo mafundi umeme ambao ni wanachama. Waombwe saa moja ya Jumapili kuwaonyesha wenzao namna ya kufunga plagi. Akina mama wasiachwe nyuma, kwani mara nyingi ndio wanaokuwa nyumbani chombo kinapozima. Na kila nyumba ya laini ikaguliwe kama kuna fyuzi ya msumari. Ikionekana, itolewe siku hiyo hiyo na fyuzi halisi itiwe kutoka akiba ya tawi.

Nyongeza tunayoipata mezani kwa mazungumzo ya miezi mingi isipotee kwa skrubu iliyolegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu.